Leza isiyobandikwa kwenye mabango

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litahusu leza na macho, wasomaji wametuuliza karibu wote jambo lilelile: ya kuondoa miwani inafanyika wapi, na ni shilingi ngapi? Hatuwalaumu. Hiyo ndiyo inayotangazwa, na kazi yake ni ya ajabu kweli. Ilianzia mwaka 1981 katika maabara ya IBM huko Yorktown Heights, New York, pale Rangaswamy Srinivasan na wenzake walipoelekeza leza ya eksima kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Mwali wake wa nanomita 193 ulichonga bila kuunguza pembeni. Leo mwali huohuo unachonga konea ya binadamu, kila mpigo ukiondoa kama robo ya maikroni.

Lakini mashine inaweza kuwa makini kupindukia na mgonjwa asifaidike zaidi. Leza nyingine, ya femtosekunde, ilipoingizwa kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho, sifa zilitangulia ushahidi. Wafaransa wakaamua kuipima katika hospitali zao za vyuo vikuu, na matokeo yakachapishwa na The Lancet mwaka 2020: wagonjwa hawakupata matokeo bora kuliko wale waliopasuliwa kwa njia ya kawaida. Kilichopanda ni gharama.

Leza tunayoipigia debe sisi haikati kitu. Ni ya presha ya macho, yaani glaukoma, maradhi yanayoua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, yakila uoni kuanzia pembeni, hata mtu anaposhtuka mengi yameshapotea. Tiba iliyozoeleka ni matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Sasa mfikirie mtu asiyesikia maumivu, asiyeona nafuu yoyote akitia dawa, na anayetakiwa kununua chupa mpya kila inapokwisha. Ataacha. Hata mimi ningeacha.

Madaktari wa hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na watafiti wenzao, walilinganisha matone ya timolol na leza hiyo kwa wagonjwa walioandikishwa kati ya 2015 na 2017. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 tu ya yale ya matone. Utafiti huo ulitoka katika The Lancet Global Health mwaka 2021. Ushahidi, basi, umetoka hapahapa kwetu, kwa wagonjwa wetu.

Tiba yenyewe haina vishindo. Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, huegemeza kidevu kwenye mashine, na daktari humwekea jichoni lenzi yenye kioo ili aione pembe ambamo maji ya jicho hutokea. Kisha hufuata mipigo ya mwali wa kijani, kama mia hivi kuzunguka pembe nzima, kila mmoja ukidumu nanosekunde 3. Mwali hunyonywa na seli zenye rangi kwenye chujio la maji hayo. Seli jirani hazibabuki. Mtu anarudi kwake siku hiyohiyo.

Tusiipambe kupita kiasi. Haimrudishii mtu uoni uliokwisha kupotea, na kati ya macho yaliyofanikiwa Moshi, theluthi moja yalihitaji kupigwa tena. Hapo ndipo penye shughuli: mashine iwe bado inafanya kazi miezi kadhaa baadaye, na mgonjwa awe anajulikana alipo. Kliniki binafsi inayotaka kununua leza na kuanza na wanaochoshwa na miwani, na ianze. Wateja wapo na watalipa. Fedha ya umma, kwa maoni yetu, iende kwanza kwenye chumba cha presha ya macho, na mkataba wa ununuzi wa mashine utaje fundi, vipuri, na bajeti ya kuwapigia simu waliotibiwa mwaka uliopita.