Mkono Ufundishao

Tuseme mzazi wa hapa kwetu Luberizi amemshika mkono mtoto asiyeona wala kusikia, akabisha hodi mlangoni pa shule. Mwalimu atamwambia nini? Yamkini atasema, «Mpeleke Bukavu, kwa wafundishao viziwi.» Lakini mwalimu wa viziwi hufundisha kwa ishara, na ishara hutaka macho. Mwalimu wa vipofu hufundisha kwa sauti, na sauti hutaka masikio. Ndiyo sababu kumfundisha mtoto huyu ni kazi ya pekee, na mwalimu hapana budi aifundishwe kwanza.

Tukumbuke habari ya Marie Heurtin, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1885, haoni wala hasikii. Watu walimdhania kuwa hana akili. Mwaka 1895, akikaribia miaka kumi, alipelekwa kwa masista wa Larnay, karibu na Poitiers. Siku za kwanza alipiga makelele na kugaagaa chini. Sista Sainte-Marguerite akaona kwamba mtoto alikipenda sana kisu kidogo alichotoka nacho kwao. Akamwondolea, mtoto akakasirika. Ndipo Sista akamshika mikono, akaupitisha mmoja juu ya mwingine mfano wa kukata, kisha akamrudishia kisu. Akarudia tena na tena, hata Marie akaifanya ishara ile mwenyewe. Amefahamu kwamba kitu kina jina! Baadaye alijua kusoma na kuandika, akawasaidia wenzake wenye hali kama yake. Alifariki mwaka 1921.

Lakini Sista yule hakuanza bila mwongozo. Pale pale Larnay, Sista Sainte-Médulle alikuwa amekwisha kumfundisha Marthe Obrecht tangu mwaka 1875. Vivyo hivyo huko Marekani: Anne Sullivan, kabla ya kwenda kwa Helen Keller mwaka 1887, alitumia miezi kusoma taarifa za Daktari Howe, aliyemfundisha Laura Bridgman miaka hamsini kabla yake. Mwalimu huzaliwa na mwalimu.

Je, mwalimu wa namna hii hujifunza nini? Kwanza, kutomshtua mtoto: humgusa begani taratibu, kisha humpapasisha alama yake, kama vile bangili, ili ajue ni nani aliyekuja. Pili, kufuata mpango ule ule kila siku, na kumpa kitu cha kushika kabla ya kila tendo: sahani ni chakula, kipande cha sabuni ni kuoga. Tatu, kuweka mkono wake chini ya mkono wa mtoto, si kuuvuta kwa nguvu. Nne, kutafuta nuru au sauti kidogo iliyosalia, maana wengi wao hawakunyimwa yote. Hatimaye huja ishara za kupapasa na maandishi ya nukta nundu.

Majirani wametutangulia. Kenya ina chuo cha serikali cha waalimu wa elimu maalumu tangu mwaka 1986, na huko Kabarnet iko shule ya watoto viziwi wasioona. Nasi tunayo ahadi: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 unawataja watoto hawa waziwazi, na kuzitaka serikali ziwaandae waalimu wao. Kongo yetu iliukubali mwaka 2015. Lakini karatasi haimshiki mtoto mkono.

Basi, ninyi wanafunzi mnaotamani ualimu, fikirini kazi hii. Ninyi wakubwa wa shule, mkipata nafasi ya kumtuma mwalimu mmoja akajifunze, msiiache ipite. Huyo atawafundisha wenzake. Nanyi wazazi, msimfiche mtoto chumbani mkingoja. Leo hii, kabla ya kumlisha, mpeni sahani aishike. Fanyeni hivyo kesho na kesho kutwa. Siku moja ataitafuta sahani mwenyewe na kuwapa mkononi. Hapo mjue amewaambia neno lake la kwanza.