Saa ya Chakula ni Haki ya Mchuma Chai Pia

Mchuma chai wa Mufindi au wa Rungwe aliyeingia shambani saa 12 ya alfajiri, umande ukimlowesha hata kiunoni, ametimiza muda wa saa tano ifikapo saa 5 ya asubuhi. Akizidisha hapo bila kupumzika, sheria yamtaka mwajiri wake ampe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Ndivyo kisemavyo kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, wala hakikumbagua alipwaye kwa kilo na alipwaye kwa mwezi.

Lakini huko shambani mzani ndio wenye amri. Alipwaye kwa kilo huona kuwa kuketi ni kujikata mshahara kwa mkono wake mwenyewe. Basi hutafuna kiazi kilichopoa hali amesimama, kikapu mgongoni. Msimamizi akiulizwa ana jibu jepesi: hatukumkataza, mwenyewe hataki. Jibu hilo halifai hata kidogo. Sheria haikumwagiza mfanyakazi aombe mapumziko. Imemwagiza mwajiri ayatoe.

Twaambiwa tena kwamba chai haingoji. Ni kweli kwamba majani yaliyokwisha chumwa hupata joto guniani na kuharibika yasipofikishwa kiwandani upesi. Sheria nayo yaruhusu mtu afanye kazi saa ya mapumziko, ikiwa kazi yenyewe haiwezi kuachwa wala kufanywa na mwingine. Je, jani lililo bado mtini laharibika kwa saa moja? Na mlinda mashine kiwandani hana mwenzake wa kumpokea?

Mwajiri halazimiki kuilipia saa hiyo, na wafanyakazi yawapasa walijue hilo. Ila akimtaka mtu akae tayari kwa kazi, malipo ni lazima. Basi wale wanaoamriwa kula chakula chao kando ya mzani wakingojea lori, wasiondoke, wako kazini.

Wazee wa Iringa na Njombe waliokwenda mkonge wa Tanga wakiwa manamba walihesabiwa kwa kipande, wala hawakuwa na sheria ya namna hii mkononi. Vijukuu vyao wanayo, na hilo ndilo linalotuudhi zaidi.

Twawataka wenye mashamba wapige kengele ya chakula, na mzani ufungwe mpaka saa ile iishe. Bei ya kilo nayo ipangwe ili mchumaji apate riziki yake ndani ya zile saa 9 za kawaida za siku, asilazimike kuiuza saa ya chakula. Viongozi wa TPAWU waliandike jambo hili katika mikataba yao ya hiari. Na Maofisa Kazi wa Iringa na Mbeya, badala ya kungojea malalamiko ofisini, wafike mzanini saa 7 ya mchana, waone ni nani aliyeketi.