Seva haihitaji koti!

Nimerudi chuo juzi kutoka field Same, na kabla sijafua hata nguo naomba nitoe dukuduku langu.

Shule niliyopangiwa (jina naliacha) ina chumba kidogo cha seva. Kiyoyozi kimewekwa digrii 16, usiku na mchana. Nje jua la Same linachoma, ndani mi navaa sweta kama niko Usangi mwezi wa saba. Chumba cha pili, chenye kompyuta za wanafunzi, kinafungwa siku 3 kwa wiki. Kisa? "Mwalimu, LUKU inaisha haraka." Yaani mashine inapigwa upepo, watoto wanajifunza kibodi iliyochorwa ubaoni!

Hivi nani kawaambia seva inapenda baridi namna hiyo? ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji chenye makao Marekani, tangu 2008 kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya digrii 18 na 27. Ishirini na saba, jamani! Hiyo 16 yetu iko hata chini ya kiwango.

Wenye vituo vikubwa vya data wana kipimo chao, PUE. Unachukua umeme wote wa jengo, unagawanya kwa umeme wa kompyuta zenyewe. Ukipata 2, kila uniti ya kazi inasindikizwa na uniti nyingine ya kupooza na mengineyo. Google wanatangaza wastani wa karibu 1.1. Facebook kule Luleå, Sweden, tangu 2013 wanapoza kwa hewa ya nje.

Najua mtasema, "Sweden si Same." Kweli. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama digrii 6, ndo maana milimani watu wanalala na blanketi. Lakini sisemi tubebe seva mpaka Shengena, mita 2,463, katikati ya msitu wa Chome. Nasema hata mjini, usiku wa Juni na Julai hewa ni ya baridi na ni ya bure. Feni na kichujio cha vumbi vinatosha kukipumzisha kiyoyozi.

Mwingine atasema tupoze kwa kuyeyusha maji, maana hewa ya Same ni kavu. Kitaalamu yuko sahihi. Ila watu wa Same wamesubiri mradi wa maji wa Same-Mwanga-Korogwe miaka na miaka mpaka ukazinduliwa Machi 2025. Leo hayo maji tuyanyweshe mashine? Hapana, kwa kweli.

Na Dar je? Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama kimezungukwa na joto na unyevu, huko kiyoyozi ni lazima. Lakini kuhitaji si kufuja.

Dawa ya shule yetu haihitaji mfadhili. Pandisha kiyoyozi mpaka 25, ziba mianya ya mlango, weka kivuli upande wa jua la jioni, usiruhusu hewa moto ya nyuma ya seva irudi mbele. LUKU itakayobaki, fungua chumba cha watoto.

Sisi ndo walimu wa kesho. Tukinyamaza kisa "hayo ni mambo ya mafundi", tutafundisha kompyuta kwa chaki mpaka tunastaafu.

Nawasilisha. Anayebisha, aje na hesabu!