Duka Hili Litadumu?

Mwanafunzi akiulizwa darasani maana ya faida, hujibu upesi kwamba ni bei ya kuuzia ukitoa bei ya kununulia. Mwalimu humpa alama yake, naye huketi ameridhika. Mimi ni mwalimu, na alama hizo nimezitoa mara nyingi. Leo nataka kushindana na jibu hilo, maana ni nusu ya kweli. Na mtu anayefungua duka kwa nusu ya kweli aghalabu hulifunga kwa hasara kamili.

Pita, kijana msomaji, katika barabara itokayo Homa Bay kwenda Rongo, kisha Awendo, mpaka Migori. Utaona maduka yaliyopakwa rangi mpya, na juu ya milango yameandikwa majina ya matumaini. Pita tena baada ya miaka miwili. Milango ni ileile, lakini majina mengi yamebadilika, na chini ya rangi mpya waweza kuzisoma herufi za jina la zamani. Jambo hili si la kaunti zetu mbili peke yake. Uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 2.2 zilifungwa katika muda wa miaka 5, hali zile zilizokuwa zikiendelea zilikuwa milioni 7.4 hivi. Nyuma ya mlango uliofungwa mara nyingi kuna ng'ombe aliyeuzwa, au fedha za chama zilizokopwa, au karo ya mtoto iliyogeuzwa kuwa sukari na sabuni.

Waulize watu sababu ya kufa kwa duka fulani, nao watakupa majibu matatu. La kwanza ni husuda: ati jirani alikwenda kwa mganga. La pili ni bahati: ati biashara ni kama mvua, humnyeshea amtakaye. La tatu husemwa na watu wenye elimu: ati mtaji ulikuwa mdogo. Majibu mawili ya kwanza nayaacha yapite, kwa kuwa mtu anayelaumu jini hatalifungua daftari. Jibu la tatu lina heshima yake. Hata katika uchunguzi ule wa 2016, upungufu wa fedha za kuendeshea kazi ulitajwa kuliko sababu nyingine. Walakini nathubutu kusema kwamba mara nyingi upungufu huo ni dalili ya ugonjwa, wala si ugonjwa wenyewe. Mtu anayevuja damu hupungukiwa na damu, lakini daktari mwema hatosheki na kumwongeza damu bila ya kuliziba jeraha. Mkopo uliomiminwa katika duka linalovuja huchelewesha kifo, na huacha deni juu ya kaburi.

Mama mmoja alinijia shuleni kuomba muda wa kulipa karo ya binti yake. Alikuwa na duka karibu na ufuko wa wavuvi, na duka lake lilisifiwa kwa wateja. Aliniambia, "Mwalimu, naapa duka linauza. Tangu alfajiri sikai chini. Lakini sijui fedha zinakwenda wapi." Nikamwambia, "Mama, lete daftari." Akanitazama kwa mshangao, kwa sababu hakuwa na daftari, alikuwa na droo. Kilichoingia katika droo alikiita faida, na droo ilipokuwa tupu aliita siku mbaya. Tulikaa tukahesabu pamoja, lakini tulikuwa tumechelewa. Duka lilifungwa, na binti yake, aliyekuwa hodari wa hesabu, alikaa nyumbani. Aliporudi mwaka uliofuata aliwakuta wenzake wamemtangulia kidato kimoja.

Siri za droo ya mama huyo si zangu kuzitangaza. Na tulifanye duka la mfano linalofanana na lake. Tuseme duka hilo huuza bidhaa za shilingi 3,000 kwa siku, na kwamba bidhaa hizo zilinunuliwa kwa shilingi 2,550. Kwa jibu la darasani, faida ni shilingi 450 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 11,700 kwa mwezi. Mwenye duka hufurahi, na jamaa zake hufurahi kumzidi.

Sasa toa kodi ya chumba shilingi 3,000, umeme na leseni shilingi 700, na nauli ya kufuata bidhaa shilingi 1,500. Zimebaki 6,500. Toa unga, mafuta na sukari vilivyochukuliwa rafuni kwenda jikoni, shilingi 100 kwa siku kwa siku 30: zimebaki 3,500. Toa madeni yasiyolipwa shilingi 1,500: zimebaki 2,000. Mwenye duka hufungua alfajiri na kufunga usiku, saa 13 kwa siku, yaani saa 338 kwa mwezi. Gawanya. Amejilipa chini ya shilingi 6 kwa saa. Hata tukikirudisha chakula cha jikoni na kukihesabu kuwa ujira wake, hafiki shilingi 15. Huo ndio mwezi mwema.

Je, mwezi mbaya? Tuseme mauzo yameshuka hadi shilingi 2,000 kwa siku. Kwa kiasi kilekile cha faida, mwezi utaleta shilingi 7,800. Lakini mwenye nyumba hapunguzi kodi, gari halipunguzi nauli, na watoto hawapunguzi njaa. Fanya hesabu ileile na utakuta upungufu wa shilingi 1,900. Fedha hizo hazitoki mbinguni. Hutoka katika bidhaa zilizo rafuni. Duka limeanza kujila lenyewe, na mwenyewe hana habari, kwa maana wateja bado wanaingia.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Watu hulipima duka kwa siku yake bora, yaani siku ya soko. Mimi nasema lipimwe kwa mwezi wake mbaya kuliko yote. Na sisi wa pande hizi tuna sababu kubwa ya kulijua hilo kuliko wengine, kwa kuwa riziki yetu nyingi huja kwa vipindi.

Mfikirie mvuvi wa omena. Huenda ziwani usiku na taa, na omena hufuata mwanga. Kwa hiyo usiku wa giza ndio usiku wa fedha. Mwezi ukiwa mpevu, taa hushindwa na mwanga wa mbingu, samaki hutawanyika, na mashua nyingi hulala ufukoni. Zaidi ya hayo, kanuni za uvuvi za Kenya zimeweka miezi ya kuanzia Aprili mpaka Julai kuwa ya kupumzisha omena ili wazaane. Mwenye duka wa Mbita au Karungu anayefanya makisio yake kwa usiku wa giza peke yake amehesabu nusu ya mwezi na kuiita mwezi mzima. Rudi kwenye duka letu la mfano. Likipata miezi 4 mibaya, litakula shilingi 7,600 za mtaji wake. Miezi 8 mizuri italeta shilingi 16,000. Ikiwa fedha za miezi mizuri zimewekwa, mwaka utakwisha na shilingi 8,400 mkononi. Ikiwa zimetumika kwa sherehe, duka litakuwa limepungua kwa shilingi 7,600, na mwaka wa pili litaanza na rafu zenye mapengo. Duka ni lilelile, mtaji ni uleule, wateja ni walewale. Kilichotofautiana ni akiba tu.

Mambo ni hayohayo mbali na ziwa. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilianzishwa mwaka 1979, na miji midogo ya jirani ikakua pamoja nacho. Lakini muwa katika nchi yetu huchukua kama mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili kukomaa, na malipo huja baada ya kukatwa, mara nyingine baada ya kungoja kwingi. Mkulima wa tumbaku naye hungoja msimu. Muuzaji anayewakopesha hawa wote hungoja pamoja nao, lakini yeye hakulima. Kule Nyatike, mgodi wa Macalder ulifungwa mwaka 1966. Panapofungwa mgodi, muuzaji aliyewategemea wachimbaji hugundua kwamba wateja wake mia walikuwa mteja mmoja, maana wote walikula kutoka katika mfuko mmoja.

Yamkini mtu atanijibu kwamba mambo haya hayamo katika uwezo wa mwenye duka. Atanikumbusha kwamba mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika masoko yake, kwa sababu ya habari za wavuvi waliotumia sumu, na kwamba mwanamke mwuza chai kando ya ziwa hakutia sumu majini. Ni kweli, na sina haki ya kumlaumu mwanamke huyo. Lakini kumhurumia ni jambo moja, na kumfundisha kupima hatari ni jambo jingine. Mvuvi hana amri juu ya upepo. Hata hivyo hutazama mawingu kabla ya kusukuma mashua. Tusiwaambie vijana kwamba kwa kuwa dhoruba haizuiliki, hakuna haja ya kutazama mbingu.

Mwingine atasema kwamba nataka kuwafanya watu kuwa mashine. Kwamba mwenye duka ana wazazi, ndugu, na matanga ya kuhudhuria, na kwamba hawezi kumnyima shangazi kilo ya sukari. Hoja hii ni nzito kuliko zote, nami siikejeli. Mimi pia nimelelewa na msaada wa jamaa. Lakini sikusema asitoe. Nimesema ajue anatoa nini na kutoka wapi. Mwenye duka na ajiwekee mshahara, hata ukiwa mdogo, na sukari ya shangazi ilipwe kutoka katika mshahara huo. Hapo atakuwa ametoa kilicho chake. Akiichukua rafuni bila kuiandika, ametoa kodi ya mwenye nyumba na karo ya mtoto wake. Duka likifa, shangazi atakosa sukari siku zote.

Wazo hili si la wageni. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa, alianzisha pamoja na wenzake Luo Thrift and Trading Corporation, yaani Shirika la Waluo la Akiba na Biashara. Utazame mpango wa maneno katika jina hilo: akiba imetangulia biashara. Sisi tumeugeuza mpango huo. Hufungua biashara kwanza, na akiba tumeiweka kuwa jambo la siku tutakayotajirika.

Liko kosa moja zaidi, nalo ni kuiga. Mtu akifanikiwa kwa kukaanga samaki kituoni, baada ya mwezi utawakuta wakaangaji saba, bei moja, mafuta ya aina moja, na wapita njia ni walewale. Kushindana si vibaya, lakini jambo ambalo jirani aweza kuliiga kesho asubuhi halitakulisha miaka kumi. Mwingine huwa na uaminifu wa kipimo, mwingine huwa na ujuzi wa kukausha samaki bila mchanga, mwingine hufungua saa ambazo wenzake wamelala. Asiye na lolote la namna hiyo amekodi mahali pa kungojea wateja wa mwenzake.

Kwa hiyo, kijana, likizo itakapofika, usikae dukani kwa wazazi wako kama mlinzi. Nunua daftari la shilingi chache, uandike kila siku kilichouzwa, kilichonunuliwa, kilicholiwa na kilichokopeshwa. Baada ya mwezi jiulize maswali matatu. Katika mwezi mbaya, nani atanunua hapa, na fedha zake zitatoka wapi? Mwenye duka akijilipa ujira na kulipia anachokula, kinabaki nini? Tena, duka hili lina nini ambacho jirani hawezi kukiiga upesi? Waonyeshe wazazi majibu kwa adabu, maana jasho lililolianzisha duka ni lao. Yamkini majibu yatasema duka lifungwe sasa, mtaji ukiwa bado upo, ufanye kazi nyingine. Hiyo si aibu. Aibu ni kuijua hesabu na kuificha hadi binti afukuzwe shule.

Nasi walimu tuna deni. Tumewafundisha watoto kutoa bei ya kununulia katika bei ya kuuzia, tukafunga kitabu hapo ambapo duka lenyewe ndipo linaanza. Na tukifungue tena. Faida ni kile kinachobaki baada ya kodi, nauli, jiko, madeni, ujira wa mwenye kazi na akiba ya mwezi mbaya. Mwanafunzi atakayenijibu hivyo nitampa alama mbili.