Bati Halipungui Wakati wa Kusi

Kauli moja imeshika mizizi nchini Kenya tangu sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipotiwa saini Oktoba 2023: kila mtu anachangia kulingana na kipato chake, asilimia 2.75, aliye nacho na asiye nacho, na hakuna haki zaidi ya hiyo. Utaisikia kwenye harambee, kwenye mazishi na kwenye redio asubuhi. Anayeshindwa kulipa huambiwa kwamba kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi kumi kwa siku, na kwamba aliyekosa shilingi kumi ya kulinda watoto wake amekosa nia tu.

Naipinga kauli hiyo, na naipinga kwa sababu wanaoiamini si watu wabaya. Wanadhani kweli kwamba mizani ni moja. Si moja. Mwenye mshahara hukatwa kulingana na kipato chake. Asiye na mshahara hutozwa kulingana na nyumba yake.

Tazama utaratibu wenyewe. Mwalimu au karani hukatwa na mwajiri kila mwezi. Mshahara ukipungua, makato hupungua mwezi uo huo. Kazi ikiisha, makato huisha. Lakini mkulima, mwendesha bodaboda, fundi wa mjengo na mama mboga hupitishwa kwenye tathmini ya uwezo. Huulizwa paa ni la nini, ukuta ni wa nini, sakafu ni ya udongo au ya saruji, maji wanayateka wapi, choo ni cha aina gani, wanapikia nini, wana mifugo mingapi. Kutokana na majibu hayo mtambo hukisia kipato cha kaya, huzidisha kwa asilimia 2.75, na kumtajia mtu mchango wake. Mchango wenyewe ni wa mwaka mzima, na sheria inataka ulipwe mapema. Asipolipa, hospitali humwambia kwamba amesajiliwa lakini hana bima.

Na hawa si wachache wa pembeni. Takwimu za serikali zenyewe huonyesha kwamba zaidi ya Wakenya wanane katika kila kumi wanaofanya kazi wako katika sekta isiyo rasmi, na hapo wakulima wadogo hawajahesabiwa.

Chukua mvuvi wa Gazi au Vanga, kule Kwale. Kaskazi inapovuma, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia na ngalawa hutoka nje ya mwamba. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, mawimbi huwafungia ndani ya mwamba wenye vyombo vidogo, na miezi inapita kwa kuokoteza pweza na tafi. Hata siku ya neema, pesa haziingii mfukoni mwake zote. Samaki wakishauzwa, kuna fungu la chombo, kuna fungu la nyavu, na mabaharia hugawana kinachosalia. Tajiri aliyemkopesha nyavu hukata chake kabla. Mkewe pengine ni mama karanga, hununua samaki pale pwani, huwakaanga na kuwauza jioni. Kwa hiyo siku bwana anaporudi mikono mitupu, bibi naye hana cha kutia kwenye karai. Kipato cha kaya nzima kinapanda na kushuka kwa upepo mmoja.

Sasa weka tathmini juu ya nyumba hiyo. Paa ni la mabati, kwa sababu makuti hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache na kijana wao aliye Mombasa aliona heri awaezekee mara moja. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe. Kuna umeme. Tuseme mtambo unakisia kaya hiyo inapata shilingi 20,000 kwa mwezi. Mchango ni 550 kwa mwezi, 6,600 kwa mwaka, na hizo 6,600 zinatakiwa kwa mkupuo. Katika kaskazi huenda makisio hayo yakawa sawa. Ifikapo Juni, kaya hiyo ikiwa inaingiza 6,000 kwa mwezi, 550 ni zaidi ya asilimia tisa ya kipato, na mchango wa mwaka unapita mapato ya mwezi mzima. Bati halijapungua hata msumari. Karani wa mshahara wa 20,000 aliyerudishwa hadi 6,000 angekatwa 300, kiwango cha chini, bila kumwomba mtu. Ndugu zangu, usawa uko wapi hapo?

Najua jibu linalokuja: aweke akiba wakati wa kaskazi. Wanaosema hivyo waulize Januari inaangukia wapi. Shule hufunguliwa katikati ya kaskazi, karo na sare vinangoja, na deni la duka lililolimbikizwa tangu Mei linangoja pia. Pesa za msimu mzuri huwa zimeshaliwa na msimu mbaya kabla hazijapatikana. Uko pia mpango wa kumkopesha mtu mchango wa mwaka aulipe pole pole. Nia yake naiheshimu. Ila mkopo hugawanya deni, haubadilishi makisio. Aliyekadiriwa vibaya hulipa kosa lile lile kwa awamu.

Wapo pia wanaosema mvuvi huyo asihofu, kwani zahanati na vituo vya afya hutibu bure kila aliyesajiliwa. Ni kweli kisheria, kuna hazina ya matibabu ya msingi. Lakini mguu uliovunjika, siku za kulazwa, mama anayehitaji kupasuliwa ili ajifungue, hayo yako upande wa bima inayodai mchango uliolipwa. Watu hawafilisiki kwa malaria. Wanafilisika kwa mambo hayo.

Jambo linaloniuma zaidi ni namna bima inavyomkimbia mtu wakati uo huo kipato chake kinapobadilika. Mfanyakazi wa hoteli Diani akisimamishwa watalii wanapoadimika, makato ya mshahara yanakoma. Ili aendelee kuwa na bima, anapaswa kuhamia kundi la wasio na mshahara, atathminiwe kwa nyumba aliyoijenga alipokuwa akilipwa vizuri, kisha atoe pesa za mwaka. Mwezi alioachishwa kazi ndio mwezi anaodaiwa fungu kubwa kuliko yote aliyowahi kudaiwa. Bima yoyote ile hutengenezwa kwa ajili ya siku mbaya. Hii inamwacha siku hiyo hiyo.

Sitetei NHIF, bima iliyotangulia hii. Asiye na mshahara alilipa 500 kwa mwezi, awe na duka la jumla au awe na beseni la nyanya, na hilo nalo halikuwa haki. Lakini dawa ya kiwango kimoja kwa wote haiwezi kuwa kujifanya tunajua kipato ambacho hata mwenyewe hakijui mpaka mwaka uishe.

Tuache kukisia. Thailand ilikutana na swali hili hili mwanzoni mwa karne hii. Wenye ajira rasmi walibaki kwenye mifuko yao, na kuanzia 2002 wananchi wengine wote, takriban robo tatu ya taifa, wakawekewa mpango unaolipiwa na kodi ya jumla. Mgonjwa alitoa baht 30 alipofika kutibiwa. Hakuna aliyeulizwa juu ya paa lake, na hakuna aliyekosa bima kwa kuwa msimu wake ulikuwa mbaya.

Atakayesema wasio na mshahara hawalipi kodi, aende akanunue petroli ya mashine ya boti. Kuna kodi ya VAT humo, na ushuru mwingine juu yake. Mvuvi hulipa anapokwenda baharini, halipi asipokwenda. Kodi hiyo inafuata upepo kuliko tathmini yoyote ya mabati, na kila mwananchi anayenunua chochote dukani ameshaichangia.

Na kama Bunge halina ujasiri wa kwenda mpaka huko mwaka huu, yapo mawili ambayo wabunge wa Pwani na wa maeneo ya wafugaji wanaweza kuyadai katika kikao kijacho. Lifutwe sharti la mwaka mzima kwa mkupuo, mtu alipe kwa mwezi au kwa msimu wake na bima yake ihesabiwe hivyo. Na atakayesema kipato chake kimeshuka, afisa wa kaunti amtathmini upya ndani ya siku saba, huku akiendelea kutibiwa.