Namungo Ikianza Ligi Vizuri Tuacheni Tutambe! Ila Wewe wa Jezi Mbili, Njoo Hapa

Wadau, leo nachana. Mwenye presha akae pembeni.

Kuna watu wanaishi mjini kwa kazi moja tu, kuzima furaha za wenzao. Namungo ikishinda mechi mbili tatu za mwanzo, ikakaa juu kwenye msimamo, kijana wa Nambilanje akiweka stetasi yake ya "Wauaji wa Kusini, mwaka wetu huu", dakika tano haziishi wameshafika. "Ligi ni marathoni, ndugu yangu." "Msimu bado mbichi." "Wakubwa wana viporo, subiri wale viporo vyao." Anayesema hivyo hajaombwa ushauri na mtu. Kaja tu, kamwaga maji kwenye moto, kaondoka.

Hivi tuulizane kwanza. Nani alisema matumaini yana wenyewe?

Maana mtu huyohuyo anayetuambia tutulie, mwezi wa saba alikuwa uwanja wa ndege Dar es Salaam anampokea straika ambaye hajawahi kumuona akipiga hata danadana. Kapiga vuvuzela mpaka mashavu yamevimba. Ligi haijaanza, mpira haujaguswa, yeye ameshatangaza ubingwa, nusu fainali ya Afrika na kiatu cha dhahabu. Wiki ya Mwananchi ikifika au Simba Day ikifika, anajaza uwanja kushangilia mechi ya kirafiki. Hapo hakuna marathoni wala msimu mbichi. Hapo ni "ari ya ushindi". Sisi wa Ruangwa tukishinda mechi tatu za ligi, mechi za kweli zenye pointi za kweli, tunaambiwa tuna kiherehere.

Kuna na wale wachambuzi wetu, majina kapuni, mnawajua kwa sauti. Kipindi saa mbili nzima, saa moja na dakika hamsini na tano ni Kariakoo: nani kagombana na kocha, nani kapost nini usiku, nani kaonekana na nani Masaki. Dakika tano za mwisho ndio wanakumbuka kuna timu nyingine 14 kwenye ligi. Na hizo dakika tano wanazitumia kusema, "Namungo wameanza vizuri ila hawatafika mbali." Ukimuuliza beki wa kushoto wa Namungo anaitwa nani, anakohoa.

Tuwe wakweli, historia ya mpira wa nchi hii haiwaungi mkono hao. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo kule Mbeya, ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, tena ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Coastal Union ya Tanga ilichukua 1988. Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa, ilibeba mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Azam ilichukua msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja. Vijana wa siku hizi mnajua yote ya Leicester ya 2016, mpaka zile hesabu za kamari za 5000 kwa 1, ila ya Tukuyu hamjawahi kusikia. Mbali mnaona, karibu hamuoni.

Tena msimu huohuo wa 2013/14, Mbeya City ilipanda ligi kuu ikamaliza mzunguko mzima wa kwanza bila kupoteza mechi. Nao waliambiwa ni moto wa mabua. Wakamaliza nafasi ya 3, nyuma ya Azam na Yanga, juu ya Simba. Sasa huo moto wa mabua mbona uliwaunguza watu mpaka mwisho wa ligi?

Na sisi wenyewe je? Namungo ilipanda msimu wa 2019/20. Ligi ilikuwa na timu 20, timu ngeni kutoka wilaya ambayo watu wengi walikuwa hawajui hata basi lake linapandwa wapi. Ikamaliza ya 4. Ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Sumbawanga, Agosti 2, 2020, ikafungwa na Simba 2-1 na siyo kwa kuchezewa. Kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikatuangukia sisi. Februari 2021 tukawapiga Primeiro de Agosto ya Angola 6-2 pale Dar es Salaam, waliporudiana wakatufunga 3-1, bado tukapita kwa jumla ya 7-5. Timu ya Ruangwa ikaingia hatua ya makundi Afrika kwenye msimu wake wa pili tu wa ligi kuu.

Najua unachotaka kuandika. "Makundi mlifungwa zote sita na hamkupata hata goli." Ni kweli. Raja Casablanca, Pyramids na Nkana walitusomesha namba, na hatujaficha. Lakini nitajie timu ngapi za nchi hii zimewahi kufika hapo zikafungwa. Kufungwa na Raja ni lazima kwanza upate nafasi ya kukutana na Raja.

Sasa nije kwa hoja yao yenye nguvu, maana sipendi kupigana na kivuli. Wanasema, "Angalia Ndanda." Sawa, tuangalie. Septemba 2014 majirani zetu wa Mtwara walifungua ligi yao ya kwanza kwa kuichapa Stand United 4-1 kulekule Shinyanga. Kusini yote iliwaka. Leo Ndanda iko wapi? Ilishuka 2020. Wanaongeza na Azam ya msimu wa 2020/21: ilishinda mechi 7 za kwanza zote, Novemba kocha akatimuliwa, mwisho wa msimu ikawa ya 3.

Mifano mizuri, ila wanaisoma kichwa chini. Ndanda haikushushwa na furaha ya mashabiki wa siku ya kwanza. Ilikaa ligi kuu misimu 6, na kila aliyeifuatilia anakumbuka hadithi za ukata zilizokuwa haziishi pale. Kilichoiua ni njaa. Na Azam hawakuanguka kwa sababu shabiki wa Chamazi alitabasamu sana. Hakuna mchezaji aliyewahi kukosa penalti kwa sababu mtu wa Nambilanje aliweka emoji ya moto.

Halafu kuna kitu ambacho hawa wanaojiita wajuzi hawakisemi. Kwa timu ndogo, mwanzo wa ligi ndio wakati wake hasa. Piga hesabu. Mwezi wa nane mpaka wa kumi vigogo wanahangaika na mechi za awali za Caf, leo wako angani, kesho wamechoka. Wamesajili watu kumi wapya ambao hawajajuana hata majina. Kocha mpya bado anatafuta kikosi. Timu kama Namungo ikiwa imebaki na wachezaji wake wamezoeana, huo ndio muda wa kuokota pointi. Dirisha dogo likifunguliwa, kigogo anakuja na begi anamchukua straika wako mwenye magoli manane anaenda kumkalisha benchi. Kwa hiyo ukiniambia nisifurahi Septemba, nisubiri Machi, unaniambia nisile embe likiwa limeiva, nisubiri liliwe na ndege.

Na pointi ya Agosti ina ukubwa uleule wa pointi ya Mei. Ligi ina mechi 30. Wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanaingia kwenye mtoano wa kujinusuru. Timu iliyokusanya mapema inacheza mzunguko wa pili ikipumua. Iliyosubiri "ligi ichanganye" inacheza Mei ikiwa na calculator mkononi. Na hivyo viporo mnavyotutisha navyo, kiporo siyo pointi mpaka kiliwe. Vingine vinachacha.

Haya. Hao nimemalizana nao. Sasa geuka wewe wa kwetu, maana hapa ndipo panaponiuma.

Wewe wa jezi mbili. Tunakujua. Namungo ikiongoza, wewe ndiye msemaji wa timu. "Timu yetu ya nyumbani", "damu ya Kusini", picha ya utotoni ukiwa juu ya mkorosho. Kuna msanii mmoja mmoja na mnene mmoja mmoja mwenye asili ya kwetu naye hapo ndipo anapokumbuka kwamba bibi yake alizaliwa Ruangwa. Lakini siku Simba au Yanga inakuja Majaliwa, unafungua kabati unatoa ile jezi nyingine. Uwanja wa nyumbani unageuka rangi. Vijana wetu wanatoka vyumbani wanakuta wao ndio wageni. Mchezaji wa Namungo anafunga goli kwao, anasikia kimya. Umewahi kufikiria kimya kile kinamfanya nini yule kijana?

Ukiulizwa, una jibu lako tayari: "Mi Yanga nimerithi kwa mzee, Namungo ni timu ya pili." Sawa, mila ni mila, simfukuzi mtu kwenye ukoo wake. Ila usije ukachukua furaha ya mwezi wa tisa kwa bei ya rejareja wakati mwezi wa pili, timu imepoteza tatu mfululizo, hupatikani hata kwa simu. Au unapatikana ila kwa kazi ya kudai kocha afukuzwe. Sare mbili tu, ushaandika "kocha aondoke, viongozi waondoke". Wewe umeondoka lini uje?

Naongea na watu wa Nambilanje hasa, maana nawajua na nawapenda. Mwezi wa kumi unafika, minada ya korosho inaanza, hela ya AMCOS inaingia. Kuna simu mpya, kuna bati, kuna ada ya shule, kuna harusi tatu kwa Jumamosi moja. Yote halali, jasho lenu. Bodaboda mpaka Ruangwa mjini mnaipanda kwa mambo mengi tu. Lakini ya mpira mnaipanda Kariakoo ikija, mara mbili kwa mwaka. Namungo ikicheza na timu kama Prisons, mko kwenye kibanda umiza mnaangalia ligi ya Uingereza, mnatokwa na mishipa ya shingo kumtetea beki wa London ambaye hajui hata Lindi ipo bara gani.

Na hapa ndipo kitu chenyewe kilipo. Timu hii kwa miaka mingi watu wameiita "timu ya mheshimiwa". Wengine wanasema kwa dharau, wengine kwa shukrani. Uwanja una jina la mbunge wetu wa miaka 15 aliyekuwa pia Waziri Mkuu wa nchi, wala siyo siri kwamba ukubwa wake ulituinua. Tunashukuru. Lakini waheshimiwa wanaingia na kutoka, wadhamini wanasaini na kuondoka. Ndanda walipobaki peke yao, upendo wa Mtwara ulikuwepo, ila upendo haukuwa na kiingilio mkononi. Siku Namungo ikibaki peke yake, itawakuta akina nani pale jukwaani? Wale wa stetasi au wale wa tiketi?

Ndiyo maana sitaki watu wafundishwe kufurahi kwa adabu. Nataka wafurahi zaidi, ila kwa miguu. Ukiamini kweli kwamba mwaka huu ni wetu, basi imani hiyo ionekane mfukoni. Nunua jezi halisi, siyo ile ya mtaani yenye nembo inayobanduka ukifua. Kusanyaneni bodaboda sita, nendeni mechi ya kawaida ya katikati ya wiki, ile ambayo hakuna mtu maarufu wa kupiga naye picha. Mpeleke mdogo wako wa miaka tisa, maana akizoea jina la beki wa Namungo kabla ya kuzoea la Kariakoo, hutahitaji kumfundisha uzalendo baadaye. Na siku kigogo akija Majaliwa, kama huwezi kabisa kuivua ile jezi ya urithi, basi baki nayo nyumbani.

Kwa wale wakatisha tamaa, salamu zangu ni fupi. Namungo ikianza vizuri tutaimba, tutapiga hodi kwenye magrupu yenu usiku wa manane, tutawatumia msimamo wa ligi kila Jumatatu asubuhi kabla hamjanywa chai. Ikija kuteleza mbele ya safari, tutakuwa tumeshafurahi miezi mitatu ambayo nyie mlikuwa mmenuna.

Na wewe wa Nambilanje, ratiba unayo. Mechi ijayo ya nyumbani ambayo mgeni siyo Simba wala Yanga, uko wapi? Andika hapo chini tukuone. Povu ruksa.