Bunduki Ina Miguu Mitatu, Macho Hayana

Katika vitalu vya uwindaji vya nchi yetu, Tanzania, kuna imani iliyoachwa itambe bila kuhojiwa: kwamba darubini ni kitu cha kushika mkononi, na anayeifunga kwenye stendi ya miguu mitatu ama ni mpiga picha aliyepotea njia, ama ni mzee ambaye mikono imemwishia nguvu. Mwindaji kamili, wanasema, huinua darubini, akatazama, akaamua. Mkono uliozoea hautetemeki.

Hutetemeka. Kila mkono hutetemeka, wa kijana na wa mzee, wa aliyeanza jana na wa aliyezeekea porini. Moyo unapiga, mapafu yanajaa na kushuka, bega linachoka baada ya dakika chache. Darubini yenye nguvu ya 10 humkuza mnyama mara 10, na mtetemo wa mkono nao huukuza mara 10. Jicho likizoea hali hiyo huacha kuilalamikia, na hapo ndipo mtu anapoamini kwamba mkono wake umetulia. Kilichotulia ni malalamiko tu. Picha bado inacheza, na vitu vidogo vilivyomo ndani yake vimefutika.

Imani hiyo ina pacha wake dukani. Mtu akishindwa kuona vizuri kwa darubini ya 10, anashauriwa anunue ya 15. Akiishika mkononi hiyo ya 15 anapata mtetemo mkubwa zaidi, eneo dogo zaidi la kutazama, na uzito unaomchosha mapema. Darubini ya 8 iliyoshikwa kwa viganja viwili huonyesha mengi kuliko ya 15 inayorukaruka. Na ile ya 10 aliyokuwa nayo tangu mwanzo, ikifungwa kwenye stendi, itamwonyesha vitu ambavyo hakujua kama vipo.

Nenda kitalu chochote utamkuta msoma nyayo amebeba miti mitatu begani, imefungwa pamoja kwa juu na kipande cha mpira wa tairi. Mteja akitaka kupiga, miti inafunguliwa mbele yake na bunduki inalazwa pale mpira ulipofungwa. Hakuna anayemcheka. Hakuna anayemwambia kuwa mwanamume wa kweli hupiga kwa mikono mitupu. Wote wanakubali kwamba mkono wa binadamu haufai kukabidhiwa risasi moja iendayo mita 100. Lakini uamuzi wa kwamba mnyama huyu auawe ulishafanywa na macho kabla kidole hakijafika kwenye triga, na macho hayo yalipewa mikono ileile isiyoaminika. Tumeuwekea egemeo mlio wa bunduki, tukaiacha hukumu ielee hewani.

Simba ndiye anayenitia uchungu zaidi. Kanuni zetu zinataka simba dume anayewindwa awe ametimiza miaka 6, na sharti hilo lina sababu. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliotokana na kumbukumbu za simba wa kaskazini mwa Tanzania. Walionyesha kwamba uwindaji ukiwagusa madume waliokwisha kukomaa tu, wa miaka 5 au 6 na kuendelea, idadi ya simba haitikisiki sana. Ukiwagusa vijana, mambo yanaharibika. Dume mwenye familia akiondoka, madume wageni huingia, na huwaua watoto wa aliyewatangulia ili majike wawe tayari kupandwa tena mapema. Risasi iliyompata dume wa miaka 4 inaweza kuwa imewamaliza na watoto wa kundi lake.

Umri wa simba aliye hai unasomwaje? Utafiti uleule ulielekeza kwenye pua. Simba mchanga ana pua ya waridi. Miaka inavyokwenda, vidoa vyeusi hujitokeza, huongezeka, huungana, na akifika miaka 5 hivi, nusu ya pua huwa imekwisha kuwa nyeusi. Pua peke yake haitoshi, kwa kuwa simba wa eneo moja hawafanani na wa jingine, kwa hiyo mtu huangalia pia manyoya ya shingoni, makovu ya usoni, na meno anapopiga miayo. Hebu fikiria basi ni vitu gani hivyo tunavyotaka vionekane. Ni vidoa kama punje za mtama, kwenye pua ya mnyama anayetingisha kichwa huku akirarua chambo, mwanga wa asubuhi ukiwa bado mchanga na damu ya mzoga imempaka mdomo wote. Hapo kuna tofauti kubwa kati ya kuona kwamba pua ni nyeusi na kuona ni nyeusi kiasi gani. La kwanza linawezekana kwa darubini ya mkononi. La pili linahitaji picha iliyosimama tuli, na muda wa kutosha wa kumsubiri ageuze uso.

Na muda upo! Watu wamekaa kwenye maficho ya nyasi tangu kabla hapajakucha. Hawatembei, hawapandi mlima, hawana haraka yoyote. Kisingizio cha uzito, ambacho ndicho kinachotolewa kila stendi inapotajwa, kinaingiaje hapo? Gari limebeba friji, viti vya kukunja na meza ya chakula cha mchana. Stendi ya kilo 2 ndiyo iliyokosa nafasi.

Baada ya risasi, fuvu na meno hukaguliwa na umri halisi hujulikana. Ukaguzi huo ni muhimu na usiguswe, ila simba hafufuki.

Ya nyati ni hayohayo kwa njia nyingine. Dume mzee hutambulika pale pembe zake zinapokutana juu ya paji la uso: pamekauka, pamekuwa pagumu kama mfupa, hapana ngozi laini wala nywele katikati. Dume kijana anaweza kuwa na pembe pana za kumvutia mteja huku pale juu bado pana ulaini. Anayepima upana tu atamchukua kijana kila siku.

Mwenye kutaka kujua stendi inafanya nini hasa, awatazame wawindaji wa Arizona na wenzao wa Sonora, Meksiko. Wanamtafuta kulungu mdogo aitwaye Coues, mnyama wa kijivu anayelala kwenye miteremko ya mawe na vichaka vya rangi ileile ya mwili wake. Wengi wao hukaa chini na darubini ya 10 au ya 15 iliyofungwa kwenye stendi, kwa saa nyingi. Hawaizungushi ovyo. Huielekeza kwenye kipande kimoja cha mteremko, kisha macho ndiyo yanayotembea ndani ya duara lile, kutoka ukingo hadi ukingo, na picha haisogei. Sikio likipigwa mara moja kufukuza nzi, linaonekana, kwa sababu ndicho kitu pekee kinachojongea katika picha nzima. Darubini ikiwa mkononi kila kitu kinajongea, mawe, majani na mnyama kwa pamoja, na lile sikio linapotelea humo.

Najua nitakachojibiwa: huku si Arizona, huku ni miombo, mnyama unamkuta mita 40. Kweli, anayefuata nyayo za nyati kwenye kichaka kizito abaki na darubini yake ya 8 kifuani, na stendi aiache kwenye gari. Lakini nchi hii si kichaka kimoja. Nani anahitaji kuambiwa kwamba Longido na Simanjiro kuna tambarare ambako mnyama huonekana kutoka mbali sana? Tandala mkubwa aliyesimama kivulini kwenye mteremko wa kilima, nusu ya mwili ikiwa nyuma ya mti, atahukumiwa kwa nini kama si kwa kioo kilichotulia? Na chui anayekuja kwenye chambo magharibi, mwanga ukibaki wa dakika chache, dume au jike atajulikanaje?

Wala si jambo la gharama kubwa. Darubini nyingi za siku hizi zina kifuniko kidogo mbele ya bawaba, katikati ya mirija miwili. Kifungue. Ndani kuna tundu lenye hesi ya robo inchi, ileile ya kamera. Kipande cha chuma chenye umbo la L kinaingia hapo, na stendi yoyote ya mpiga picha inakipokea. Kaa chini, fupisha miguu, usiinue mhimili wa kati maana ndio unaotikiswa na upepo, kisha ondoa mikono kabisa. Kuna watu wamevaa darubini shingoni miaka na miaka bila kuwahi kufungua kifuniko hicho.

Ninachodai kwa mamlaka ya wanyamapori kinatekelezeka msimu ujao. Maficho yoyote ya simba au chui yasihesabiwe kuwa tayari kama hayana darubini iliyofungwa kwenye stendi. Anayeomba leseni ya uwindaji bingwa atahiniwe mbele ya wanyama walio hai, aseme umri wao na aeleze ameuona wapi. Na askari wa wanyamapori anayeongozana na msafara apewe darubini yake na stendi yake, si ya kuazima kwa mwenye kampuni. Yeye ndiye macho ya serikali pale kwenye nyasi, na asipokuwa na kioo chake mwenyewe hulazimika kulikubali neno la mtu ambaye mteja wake amekwisha kulipia simba.